Kilomita za Gari Lililotumika: Nilivyojifunza Kuzitafuta Nje ya Dashibodi

Kwa miaka mingi kazi yangu jijini Dar es Salaam imekuwa kuandaa nyaraka za kutolea magari bandarini, na kwa sababu hiyo ndugu, majirani na watu niliosoma nao hunipigia simu kila wanapotaka kununua gari lililotumika. Swali la kwanza la karibu wote ni hilohilo: limetembea kilomita ngapi? Ni swali zuri, ila jibu lake hutafutwa mahali pasipofaa. Mnunuzi hufungua mlango, huwasha swichi, husoma tarakimu zilizo mbele ya usukani, kisha hujenga hesabu yake yote ya bei juu ya tarakimu hizo kana kwamba zimegongwa muhuri. Mimi nimekaa na nyaraka mezani huku gari lenyewe likiwa uwanjani, nikalinganisha kimoja na kingine mara nyingi, na nimefikia kuamini kwamba namba ya dashibodi ni maelezo ya muuzaji tu, na maelezo ya muuzaji yanahitaji kuthibitishwa na kumbukumbu yenye tarehe, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuwa na faida yoyote katika mauzo hayo.

Sababu ya udanganyifu huu inafahamika kwa yeyote aliyewahi kusimama yadini. Katika soko letu kuna mpaka ambao hakuna aliyeuandika, nao ni laki moja. Gari likivuka laki, wateja wanasema limechoka. Likiwa na elfu sitini na kitu, wanasema bado bichi, na tofauti ya bei kati ya hayo mawili inaweza kuwa mamilioni ya shilingi ingawa mwaka, rangi na injini ni vilevile. Serikali kwa upande wake haina haja kubwa na namba hiyo. Mamlaka ya Mapato Tanzania hukadiria kodi kwa kuangalia aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, na gari lenye umri wa miaka 8 na zaidi hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu. Kilomita haziingii katika hesabu hiyo. Kenya nako kipimo kikuu ni umri, kwa kuwa kiwango cha KS 1515 kinazuia kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo anayebeba mzigo wote wa namba ya dashibodi ni mnunuzi peke yake, naye ndiye mwenye zana chache kuliko wote.

Kubadilisha namba hiyo si kazi ngumu, na ni vizuri msomaji aelewe hivyo ili asijidanganye kwamba mita ya kisasa ina usalama kuliko ile ya zamani ya vigurudumu. Katika magari mengi ya Toyota, Nissan na Subaru ya miaka ya 2000, kilomita huhifadhiwa katika kijipande kidogo cha kumbukumbu kilichochomelewa kwenye bodi ya dashibodi yenyewe, na mwenye kifaa chake huandika namba anayoitaka kwa muda ambao mteja bado anakunywa chai ofisini. Mita ya zamani angalau iliacha alama: tarakimu zilikaa upandeupande, na mstari mweupe ukaonekana kati yake. Hii ya kioo haionyeshi chochote.

Funzo lililonikaa zaidi lilitokana na Subaru Forester ya mwaka 2009 ambayo dada yangu, mwalimu wa sekondari, alikuwa ameichagua katika yadi moja hapa mjini. Dashibodi ilisoma kilomita 67,940. Gari lilikuwa safi, viti havikuchanika, rangi haikuwa na doa, na kijana wa yadi alikuwa mpole na mwenye heshima. "Mama, gari hili lilikuwa la mzee kule Japani, alikuwa analiendea sokoni tu," alimwambia dada. Nilikuwa nimekwenda na fundi ninayemwamini, na yeye hakushughulika na dashibodi kabisa. Alifungua boneti, akachukua tambara, akafuta vumbi kwenye kava la plastiki lililo mbele ya injini, kisha akaniita: "Kaka, njoo usome hapa." Palikuwa na stika ndogo iliyofifia, ya aina wanayobandika mafundi wa Japani wanapobadilisha mkanda wa taimingi. Maandishi sikuyaelewa, lakini tarakimu zilikuwa wazi: 29, halafu 8, halafu 98,612.

Hapo ndipo kujua kidogo mambo ya Japani kunapomsaidia mnunuzi wa Tandika au Kariakoo kuliko kumkagua muuzaji usoni. Wajapani huandika miaka katika nyaraka nyingi kwa kufuata enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989 na kumalizika mwisho wa Aprili 2019, kisha ikaanza Reiwa. Mwaka wa Heisei ukiongezewa 1988 unapata mwaka wetu, na mwaka wa Reiwa ukiongezewa 2018 unapata vivyo hivyo. Kwa hiyo ile 29 ilikuwa 2017, 8 ilikuwa Agosti, na 98,612 zilikuwa kilomita ambazo gari lilikuwa limetembea siku mkanda ulipobadilishwa. Kila kitu kilikubaliana na utaratibu wa injini ile, kwa sababu EJ20 ya Subaru hutumia mkanda ambao hubadilishwa ukifika kilomita 100,000 hivi. Gari lililobadilishwa mkanda likiwa na elfu tisini na nane mwaka 2017 haliwezi kuwa na elfu sitini na saba miaka kadhaa baadaye.

Kijana wa yadi alipoonyeshwa stika alisema mkanda ulitoka kwenye gari jingine. Sikubishana naye, kwa kuwa stika peke yake ni ushahidi wa upande mmoja, na mimi nilitaka karatasi. Nilimwomba cheti cha usafirishaji nje cha gari hilo, kile kinachotolewa na wizara ya ardhi, miundombinu na uchukuzi ya Japani wakati usajili wa gari unapofutwa ili lisafirishwe. Aliniletea tafsiri ya Kiingereza iliyopigwa chapa, yenye namba ya chesi, namba ya injini, uzito, mwaka, na hakuna neno lolote kuhusu kilomita. Hili nimekutana nalo mara nyingi kazini. Tafsiri huandaliwa na muuzaji au wakala wake, naye hana sharti la kutafsiri kila kilichomo, na sehemu ambayo huachwa kwa urahisi ni ile ya maelezo ya ziada iliyo chini ya ukurasa. Sehemu hiyohiyo ndiyo yenye thamani kwetu.

Japani ina ukaguzi wa lazima wa magari unaoitwa shaken. Gari dogo la binafsi hukaguliwa linapotimiza miaka 3 tangu lisajiliwe likiwa jipya, na baada ya hapo kila miaka 2. Tangu 2004 namba ya mita huandikwa kwenye cheti cha ukaguzi huo, na tangu 2009 cheti hubeba namba ya ukaguzi wa sasa pamoja na ile ya ukaguzi uliotangulia, zote zikiwa na tarehe na zikikatwa hadi mamia, yaani 103,987 huandikwa 103,900. Gari linapofutiwa usajili, maelezo hayo huhamia kwenye sehemu ya maelezo ya ziada ya cheti cha usafirishaji. Msomaji hahitaji kujua Kijapani ili kuyaona, kwa sababu herufi "km" na tarakimu huandikwa kama zetu, na tarehe hugeuzwa kwa ile hesabu ya enzi niliyoieleza. Anachohitaji ni nakala ya karatasi yenyewe ya Kijapani, na asikubali kupewa tafsiri peke yake.

Karatasi ya Kijapani ya Forester ile ilipopatikana, baada ya kuombwa zaidi ya mara moja, chini yake palikuwa na namba mbili: kilomita 118,400 za mwaka wa pili wa Reiwa, na 103,900 za mwaka wa 30 wa Heisei. Nikaziweka sambamba na stika: 98,612 mwaka 2017, 103,900 mwaka 2018, 118,400 mwaka 2020. Namba tatu zilizoandikwa na watu tofauti, katika miaka tofauti, kwa madhumuni tofauti, zikipanda kwa mwendo unaoaminika wa gari la familia. Halafu dashibodi, 67,940. Dada yangu hakuhitaji maelezo zaidi. Muuzaji alisema sasa kwamba mita ya awali iliharibika ikabadilishwa, na ni kweli kwamba mita huharibika na kubadilishwa, lakini badiliko halali huacha maandishi: huandikwa kwenye kijitabu cha matengenezo, na minada ya Japani hulitambua gari hilo kama lililobadilishwa mita. Pasipo maandishi hayo, namba iliyopo haina maana yoyote, na gari linapaswa kuuzwa kama gari lisilojulikana kilomita zake.

Tangu hapo utaratibu wangu ni mmoja. Sitafuti namba, natafuta mfululizo wa namba zenye tarehe, na kila namba mpya lazima iwe kubwa kuliko iliyoitangulia. Ni lazima pia kukumbuka kwamba namba ya cheti cha usafirishaji ni ya siku ya ukaguzi wa mwisho wa shaken, ambao unaweza kuwa umefanyika mwaka mmoja au zaidi kabla gari halijauzwa. Dashibodi kusoma zaidi ya cheti ni jambo la kawaida kabisa. Dashibodi kusoma pungufu ya cheti, hata kwa kilomita elfu mbili, haina maelezo mazuri.

Karatasi ya pili kwa uzito ni karatasi ya mnada. Magari mengi yanayokuja kwetu kutoka Japani hupitia minada mikubwa kama ile ya USS au TAA, ambako mkaguzi wa mnada, asiye upande wa muuzaji wala wa mnunuzi, hulizunguka gari na kuandika daraja lake, hali ya ndani kwa herufi A hadi D, mchoro wenye alama za mikwaruzo na mibonyeo, na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Minada hiyo hulinganisha namba na kumbukumbu za mauzo yaliyopita, na gari ambalo namba zake zinapingana huwekewa alama kuwa kilomita zake zimechezewa au hazijulikani, na bei yake hushuka. Ndiyo maana naamini, kwa kuangalia nyaraka zilizopita mikononi mwangu, kwamba sehemu kubwa ya uchezeaji hufanyika baada ya mnada, gari likiwa njiani, katika yadi za nchi za kati, au likiwa limeshafika hapa kwetu. Mtu anayesema "gari la Japani halidanganyi" anasema kweli kuhusu Japani tu, si kuhusu miezi yote iliyofuata.

Karatasi ya mnada nayo hughushiwa. Nimewahi kuletewa moja ambayo tarakimu za kilomita zilikuwa na wino mweusi kuliko maandishi mengine yote ya ukurasa, na nafasi kati ya tarakimu haikulingana na ile ya mwaka wa gari iliyo juu yake. Kwa hiyo sipokei nakala kutoka kwa muuzaji kama ushahidi wa mwisho. Zipo huduma za kulipia kwenye intaneti ambazo humpa mtu karatasi ya mnada kwa kutumia namba ya chesi, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya gari. Namba ya chesi huisomi kwenye kadi wala kwenye tangazo, unaisoma kwenye chuma cha gari lenyewe. Katika magari ya Kijapani ni fupi, mfano ZRT260 ikifuatiwa na kistari na tarakimu za gari husika kwa Premio, na unailinganisha herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye karatasi. Nimeona karatasi halali kabisa ikiuza gari lisilo lake.

Kwa anayeagiza mwenyewe badala ya kununua yadini, kuna kipimo rahisi ambacho watu hukipuuza. Gari likishanunuliwa mnadani halitembei tena safari za kweli. Linaendeshwa au kubebwa kutoka uwanja wa mnada hadi uwanja wa msafirishaji, linaingizwa melini Yokohama, Nagoya au Kobe, linateremshwa Dar es Salaam au Mombasa, linaegeshwa. Namba iliyo kwenye picha ya dashibodi ya tangazo na namba utakayoikuta bandarini zinapaswa kutofautiana kwa makumi ya kilomita tu. Nawashauri wanaoniuliza wahifadhi picha zote za tangazo siku wanayolipa, kwa kuwa tangazo huondolewa gari likishauzwa, kisha wapige picha dashibodi siku ya kwanza wanapokabidhiwa gari, kabla ya fundi yeyote kuligusa. Jirani yangu mmoja aliyeagiza Nissan X-Trail alifanya hivyo, na tofauti aliyoikuta ilikuwa kilomita 31. Namba kubwa ya elfu mia na kitu haikumsumbua hata kidogo, kwa sababu alijua ni ya kweli.

Watu wengi huniuliza kama hawawezi kutambua kwa macho, kwa kuangalia mpira wa pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva, ngozi ya usukani na kitasa cha gia. Ninaangalia vitu hivyo, lakini siku hizi navipa uzito mdogo kuliko zamani, na sababu yake ni Japani yenyewe. Gari lililotembea 130,000 katika barabara za lami safi, likiendeshwa na mtu anayevua viatu vyenye matope, likifanyiwa matengenezo kwa ratiba, linaweza kuonekana ndani kama gari la hapa kwetu lililotembea 50,000. Jicho letu limefundishwa na vumbi letu. Aidha, mpira wa pedali ni spea ya bei ndogo, kava la usukani ni la bei ndogo zaidi, na pedali mpya kabisa katika gari la miaka 12 inanipa mashaka kuliko pedali iliyolika. Dalili za macho zinaweza kulikataa gari, kulithibitisha haziwezi.

Tairi zina faida kidogo zaidi kwa sababu zimeandikwa tarehe. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, ambapo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Gari linalodaiwa kutembea elfu ishirini na tano tangu 2015 lingepaswa kuwa bado na tairi lilizotoka nazo kiwandani, au angalau tairi la akiba la umri huo. Nikikuta tairi zote ni za seti ya pili au ya tatu, nauliza. Vilevile huchungulia kwenye nguzo ya mlango wa dereva na pembeni mwa boneti, ambako gereji za Kijapani hubandika stika za kubadilisha oili zenye tarehe na kilomita za huduma inayofuata. Wanaochezea mita husafisha gari kwa uangalifu, lakini stika hizi huwaponyoka kwa kuwa hawazisomi, na alama ya gundi mahali ambapo stika imebanduliwa nayo huniambia jambo.

Kuna kifaa kidogo cha kusomea hitilafu kinachochomekwa chini ya usukani na kuwasiliana na simu. Wengi wanakinunua wakidhani kitawaonyesha kilomita halisi moja kwa moja, na kwa magari mengi ya umri tunaonunua sisi hakifanyi hivyo. Magari kadhaa ya soko la ndani la Japani hata hayakubali kuwasiliana na vifaa vya bei nafuu. Hata hivyo kuna kipengele kimoja kinachostahili kutazamwa, nacho ni umbali uliotembewa tangu kumbukumbu za hitilafu zifutwe mara ya mwisho. Umbali huo huhesabiwa na kompyuta ya injini, siyo na dashibodi, na hauwezi kuzidi umbali wote ambao gari limetembea. Nilikuwepo mwenzangu wa kazini alipokagua Mazda CX-5 ambayo dashibodi yake ilisoma 48,000 na kidogo huku kompyuta ya injini ikisema imetembea zaidi ya 61,000 tangu hitilafu zifutwe. Hakuna maelezo ya heshima kwa jambo hilo. Kinyume chake hakithibitishi kitu: namba ikiwa ndogo, au sifuri, maana yake inaweza kuwa tu kwamba fundi alifuta hitilafu wiki iliyopita, na hesabu yenyewe haivuki 65,535 hata gari lizunguke nchi nzima. Fundi mwenye mashine kamili ya kampuni anaweza kusoma pia kumbukumbu za kompyuta ya gia au ya breki katika magari mapya zaidi, ambako kilomita huhifadhiwa mahali zaidi ya pamoja, na kwa gari la bei kubwa gharama ya ukaguzi huo ni halali yake.

Magari yanayotoka Uingereza yana mtego wa namna nyingine, ambao mara nyingi si udanganyifu wa kifaa bali ni ukimya. Mita zake husoma maili. Land Rover iliyoandikwa 60,000 kwenye kioo imetembea zaidi ya kilomita 96,500, na muuzaji anaweza kuandika "60,000" kwenye tangazo bila kuongeza neno, akamwachia mteja adhani ni kilomita. Kwa upande mwingine, magari hayo ndiyo rahisi zaidi kuyahakiki kuliko yote. Ukaguzi wao wa MOT huanza gari linapotimiza miaka 3 na hufanyika kila mwaka, na tovuti ya serikali ya Uingereza humwonyesha mtu yeyote, bila malipo, matokeo ya kila ukaguzi pamoja na namba ya mita ya siku hiyo, kwa kuandika tu namba ya usajili ya gari lilipokuwa kule. Namba hiyo imo kwenye nyaraka zake za usajili. Rafiki yangu wa Arusha alipata kwa njia hiyo mfululizo wa miaka yote ya gari alilolitaka akiwa amekaa sebuleni kwake, likiwa bado yadini, na akaweza hata kusoma kasoro ambazo wakaguzi waliziandika kuhusu bushi za mbele.

Wakati mwingine mita ni ya kweli na hakuna aliyeigusa, ila haipimi sawasawa, na kosa hilo hulikuta zaidi gari lililokwisha kutumika hapa nchini. Mita huhesabu mizunguko ya magurudumu, siyo barabara. Vitz ya kizazi cha pili iliyokuja na tairi za 165/70R14, ikivishwa 185/65R15 ili ipande juu kidogo kwa ajili ya mashimo, kipenyo cha gurudumu hutoka takribani milimita 587 na kufika 622, yaani ongezeko la karibu asilimia 6, na kila kilomita 100 za barabara husomwa kama 94 hivi. Mwenye gari atalalamika kwamba linakula mafuta mengi kwa kilomita chache bila kujua kwa nini, na atachelewa kubadilisha oili. Kipimo chake ni chepesi: chukua kipande kirefu na kilichonyooka cha barabara kuu, kama Kibaha kwenda Chalinze, soma nguzo za kilomita za barabarani au umbali wa simu yenye ramani, na ulinganishe na mita ya safari. Tofauti ya asilimia 1 au 2 ni ya kawaida, kwa kuwa hata ulikaji wa tairi huichangia. Ikifika 5 au 6, tazama saizi ya tairi kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango.

Dada yangu aliiacha Forester ile, akachukua Premio iliyokuwa imevuka laki na ishirini, yenye cheti cha Kijapani, karatasi ya mnada tuliyoitafuta wenyewe, na kijitabu cha matengenezo chenye mihuri ya gereji moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Shemeji hakupendezwa mwanzoni. Aliniuliza, kwa adabu yake yote, iweje nimshauri mkewe anunue gari lililochoka wakati lililo bichi lipo. Nilimwekea karatasi zote za magari yote mawili mezani, nikamwacha azisome mwenyewe, kwa sababu hoja yangu ilikuwa ndani ya karatasi hizo: gari moja tulijua lilifanyiwa nini na lini, na jingine tulijua tu kwamba mtu alitaka tusijue. Kilomita nyingi zinazojulikana unaweza kuzipangia bajeti ya oili ya gia, plagi, bushi na shokapu. Kilomita zilizofichwa zinakuachia fundi na bahati.

Ninapoandaa mkataba wa mauzo kwa mtu wangu, sasa naweka kifungu kinachotaja kilomita za siku ya makabidhiano na kumtaka muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba mita haijabadilishwa wala kurekebishwa kwa ufahamu wake. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko, lakini mlalamikaji mwenye namba iliyoandikwa na kusainiwa ana kitu cha kuonyesha, tofauti na yule anayekumbuka tu alichoambiwa. Mara kadhaa kifungu hicho chenyewe kimefanya kazi kabla ya sheria yoyote: muuzaji anakisoma, anakaa kimya, kisha anasema afadhali tuandike kwamba kilomita hazijulikani. Hapo mazungumzo ya bei huanza upya, na huanzia chini.

Si kila gari lina karatasi, hasa lile lililopita kwa wamiliki wawili au watatu hapa nchini na nyaraka zake za mwanzo zikapotea kwa wakala aliyefunga ofisi. Mjomba wangu wa Mwanza alikuwa na hali hiyo kwa Noah aliyoipenda, na sikumkataza. Nilimwambia aihesabu kama gari lisilo na mita kabisa, alipe bei ya gari la namna hiyo, na atenge fedha za kubadilisha oili ya gia, maji ya rejeta, mafuta ya breki na plagi katika mwezi wa kwanza, bila kujali dashibodi inasema nini. Alikubaliana nami, akanunua, na ndani ya mlango wa dereva amebandika kadi ngumu ambayo fundi wake anaandika tarehe na kilomita kila oili inapomwagwa.